Likasi kwa kinga (baiskeli), Jumamosi hii

Bapapa na bamama, siku imefika. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunatoka Lubumbashi kwa baiskeli mpaka Likasi, kilomita kama 120, siku moja. Sisi sita tumejiongezea mzigo: kila mmoja atapakia mfuko wa makala (mkaa) nyuma, kama wale wanaotuletea makala mjini kila siku. Jumapili nilijaribu. Kabla ya kufika peaji, pale wanapolipisha magari ya barabara, mnyororo ukakatika, na muuza makala mmoja akanipita na mifuko yake mitatu, anacheka. Alikuwa na haki.

Pesa tunazochanga kwa safari hii ni za vigari vya magurudumu na magongo ya watoto wetu wasioweza kutembea. Yule binti anayebebwa mgongoni mpaka darasani ana miaka 9 sasa. Miguu yake inagusa magoti ya mama.

Tumeni kwa Airtel Money au M-Pesa, kwa namba ya mweka hazina wetu. Hata franka 500. Makala tutayauza Likasi, pesa inaingia humohumo.

Barabara ile ina malori ya shaba: bila helmeti na koti la kung'aa, hutoki. Asubuhi baridi inauma, vaeni sweta. Mwenye pampu nzuri aniandikie leo, yangu inavuja.