Mizani iko ghalani, laptopu inasoma modemu

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo. Ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu mpya tu, kamera ngapi, chaji inakaa saa ngapi, sawa tunazipenda, ila kilichotutoa jasho sisi huku Tandahimba msimu wa korosho uliopita ni kushea mizani kati ya kompyuta mbili, kitu sijawahi kukiona kwenye gazeti la Kiswahili, na karibu kitufanye tuitwe wezi.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika. Mizani yetu ni ya digitali, ina waya wa USB unaoingia kwenye kompyuta ya ghalani, hiyo kompyuta inatumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na humo mizani inaonekana kama faili, /dev/ttyUSB0, ukilisoma unaona kilo. Viongozi wakataka kilo zionekane na kwa mhasibu, chumba cha pili tu. Akaletwa fundi. Akakuta kuna folda tunayoshea kwa NFS, njia ya kompyuta moja kufungua folda ya nyingine kupitia netiweki, akaona kazi rahisi, akaunda humo faili la kifaa, yaani faili linalosimama badala ya kifaa, kwa amri ya mknod, namba 188 na 0 kama lile la mizani, akasema mhasibu afungue tu ataona.

Ghalani likafunguka safi. Kwa mhasibu likagoma, linadai hakuna ruhusa. Fundi akapiga chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, bado, akapiga tena 777 utadhani mara ya kwanza kompyuta haikusikia vizuri. Kumbe folda kule kwa mhasibu ilikuwa imeunganishwa na nodev, sharti la kuzuia faili za vifaa, na ikishakuwepo hiyo mashine haifungui faili lolote la kifaa lililomo humo, hata uwe root, yule mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta. Akaitoa nodev. Hapo ndo balaa.

Maana sasa linafunguka kweli, ila kilo hakuna, kimya, mara herufi zisizoeleweka, na nje foleni ya magunia imefika barabarani. Mzee mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, mizani mnaichezea huko ndani?" Mhariri, huku ukitamka neno mizani na neno kuchezea pamoja hakuna anayecheka, watu wameumizwa sana na vipimo vya kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo. Nilimjibu shikamoo nikaishia hapo, sikuwa na jibu lingine.

Jibu nilikuja kulipata baadaye, usiku, kwa kusoma mwenyewe. NFS, iliyotoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984, inabeba faili la kifaa kama jina na zile namba mbili tu, kifaa chenyewe hakisafiri. Kompyuta inayolifungua ndo inayotafuta kifaa chenye namba hizo tumboni mwake yenyewe. 188 ni kundi la vifaa vya siriali vya USB, 0 ni cha kwanza kwenye kundi. Ni kama umwambie mtu aliyeko Newala agonge nyumba namba 5, atagonga namba 5 ya Newala, wewe ulimaanisha ya Tandahimba. Na laptopu ya mhasibu nayo ilikuwa na cha kwanza chake: modemu ya intaneti. Yaani siku nzima tulikuwa tunaiuliza modemu korosho zina kilo ngapi!

Tukajaribu kuandika kilo kwenye faili la kawaida ndani ya ile folda, hilo likasomeka, ila NFS inatunza kumbukumbu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuuliza upya, mhasibu akawa anaona kilo za mkulima aliyeshaondoka. Hii ni mbaya kuliko kutoona kabisa. Kilichotuokoa ni ser2net, kiprogramu kinakaa ghalani, kinasoma mizani na kuipeleka kilo moja kwa moja kwenye netiweki, kwa mhasibu hakuna faili la kifaa tena. Nodev tukairudisha, maana bila hiyo mtu akiweza kuunda faili lenye namba za diski kwenye seva anakufungulia diski ya laptopu yote.

Halafu umeme ukakatika, uliporudi mizani ikajitokeza kama ttyUSB1 😅 ikabidi tuweke kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina, itambue waya kwa namba yake ya siriali na kuupa jina moja la kudumu.

Sasa mhariri, fundi alilipwa na kuondoka, simlaumu sana, alifanya anachokijua. Ila maghala ya Mtwara na Lindi yenye kompyuta yanaongezeka na msimu unaanza Oktoba, kwahiyo naomba mtafute mtu anayeyajua haya aandike kabla ya hapo, kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa chama ataelewa, ili fundi akisema "nitakushea mizani kwenye folda" wajue cha kumuuliza.

Karani wa mizani,
Tandahimba, Mtwara