Zeolaiti za seli za haidrojeni tuziangalie
Mhariri, naomba niongelee ule utando wa ndani ya seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyounganisha haidrojeni na oksijeni kutoa umeme, maana tunasifia gari la haidrojeni linatoa maji tu bila moshi alafu tunaishia hapo. Unaotumika sana ni Nafion, plastiki ya DuPont ya miaka ya 1960, ila lazima iwe na unyevu ndo ipitishe protoni (chembe chanya za haidrojeni), joto likizidi nyuzi 100 inakauka na umeme unashuka. Zeolaiti ni madini yenye vitundu vidogo mno vinavyoshika maji hata kwenye joto, Mswidi Cronstedt aliyapa jina 1756, kwa Kigiriki jiwe linalochemka. Shida yanavunjika kirahisi, ndo maana watafiti wanayachanganya na plastiki. Na Olduvai yapo kwenye tabaka za majivu ya volkano, jamani vyuo vyetu viyapime!

Msomaji, Arusha