Bariera isiyo na maji

Ndugu Mhariri,

Mimi ni shofa wa Fuso, mwaka wa kumi na tisa huu kwenye barabara ya Kasenga. Ninashusha makala (mkaa) na mihogo Lubumbashi. Mteja akipatikana, ninapakia nguruwe au mbuzi. Ninaandika juu ya bariera, yaani kizuizi cha barabarani, waliyotuwekea wakati nguruwe walipoanza kufa upande wetu kwa homa ya nguruwe ya Afrika, kwa kuwa nilikaa pale kwa muda wa saa saba na niliyoyaona bado yananisumbua.

Kamba ilivutwa katikati ya njia, askari wawili, amri moja: mnyama hapiti. Kwa amri hiyo sina ubishi. Lakini foleni ilikuwa moja kwa watu wote. Wamama wa samaki kutoka Kasenga, basi la abiria, sisi wa makala, wote nyuma ya bwana mmoja aliyekuwa akibishania nguruwe wake sita. Barafu ya samaki iliisha kuwa maji huku tunaangalia. Mbuzi wa mwenzangu nao walizuiwa, ingawa homa hii haishiki mbuzi, wala kuku, wala binadamu. Ni ya nguruwe. Askari walikuwa wamevaa barakoa! Viatu vyao, vilivyokanyaga mavi yaliyodondoka kutoka kila kamio (lori), hakuna aliyeviosha.

Sisi tunangoja, pikipiki zinachepuka kwenye kijia cha nyuma ya mashamba, gunia limefungwa kwenye kiti, linadondosha damu. Mtu akiona nguruwe wake wameanza kulala, anachinja upesi apate angalau pesa ya unga. Simlaumu sana. Ila virusi hivyo havifi pamoja na nguruwe: vinakaa ndani ya nyama, na kwenye friji vinakaa miezi. Maji ya vyombo na makombo ya hiyo nyama yakimwagiwa nguruwe wa Katuba, ugonjwa umeingia mjini, na hakuna bariera iliyouona.

Mimi mwenyewe sina mikono safi. Wiki chache kabla ya hapo nilipeleka nguruwe wa mtu mmoja, kisha bila kuosha kamio nikapakia pumba za dada yangu wa Ruashi. Nilifagia tu kwa ufagio. Alikuwa na nguruwe kumi na mmoja. Alibaki na jike mmoja. Huenda ugonjwa ulipita njia nyingine, sijui, na dada hajawahi kuniuliza. Siku hizi ninaegesha mbali na ua wake, na pumba anakuja kuzichukua yeye kwa toroli.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Uliandikwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921 (nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi), na hapa kwetu mfugaji hana chanjo ya kuchoma. Silaha yetu ni kuzuia mwendo na kuosha. Kufunga tunajua: Machi 2020, wakati wa korona, mji huu mzima ulifungwa saa 48. Kuosha ndiko kunakotushinda, na magurudumu ndiyo yanayotembea kilomita mia mbili kwa siku.

Kwa hiyo ninaomba wanaohusika, safari nyingine, waanze na maji. Tangi, pampu, brashi, na mahali pa kando ya lami penye kokoto ili kamio isioshwe ndani ya matope. Mavi yatoke kwanza kwa maji na sabuni, maana dawa ikikuta uchafu inaishia juu yake. Kisha dawa: Shirika la Dunia la Afya ya Wanyama linataja soda ya kostiki, gramu 8 kwa lita moja ya maji, au javeli (dawa ya klorini ya kufulia), na zote zinahitaji dakika 30 kufanya kazi. Kunyunyizia tairi mara moja huku gari linatembea ni mchezo. Soda inaunguza ngozi, kwa hiyo anayeishika apewe glavu na buti.

Nusu saa hiyo ndiyo inayodai njia mbili. Waliobeba wanyama, nyama au chakula cha mifugo waingie kando, samaki na abiria waendelee na safari. Daktari wa wanyama asimame pale pamoja na polisi, kwa sababu askari peke yake hawezi kujua kama mbuzi anahusika au la. Na yule anayerudishwa aambiwe anarudi wapi. Yule bwana wa nguruwe sita aliambiwa tu "geuka". Aligeuka, na usiku nilimsikia akiuliza njia ya kijia.

Tangazo nalo litolewe redioni na kwenye parkingi tunakopakia, kabla hatujapakia. Nguruwe akishakuwa juu ya kamio, pesa ya mwenye mali imeshalipwa, na shofa atatafuta njia.

Shofa wa Fuso,
Ruashi, Lubumbashi