Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika,

Jambo kubwa leo ni kijitabu chetu cha wageni cha kanisa la Mtakatifu Martino. Shughuli za kawaida sitazirefusha, maana walioshiriki wanazijua. Ziara zetu za makanisa ya kale hapa Kent, Uingereza, zilifanyika kama zilivyopangwa. Tulikwenda Reculver kuona minara miwili iliyobaki baada ya kanisa lililoanzishwa mwaka 669 kubomolewa mwaka 1809. Minara iliachwa kwa faida ya mabaharia. Dover tuliona kanisa la Mtakatifu Maria, ubavuni mwa mnara wa taa wa Warumi. Barfrestone tuliona kengele iliyotundikwa kwenye mti. Mafunzo ya waongozaji wageni yaliendelea. Akina mama waliandaa chai na vitumbua kila safari, nasi tunawashukuru.

Fedha. Walioandikishwa ni 64, waliolipa ada ni 27. Kwa pauni 20 kila mmoja zimeingia pauni 540 na tunadai pauni 740. Basi dogo pauni 310, uchapaji pauni 185, sadaka makanisani pauni 60, jumla pauni 555. Pauni 15 zilizopungua zilitoka kwenye salio la mwaka jana. Mweka hazina anazo risiti zote, anayetaka kuziona azione leo.

Sasa nije kwenye kijitabu cha kanisa la Mtakatifu Martino, Canterbury, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi na mengine yamesemwa nisipokuwepo. Kijitabu chetu cha zamani kilimwambia mgeni kwamba Mfalme Ethelbert wa Kent alibatizwa ndani ya birika la ubatizo lililo humo kanisani. Mimi nimeagiza sentensi hiyo iondolewe na kijitabu kichapwe upya. Wapo walioniambia nimevuka mamlaka yangu. Wapo walioona nimewavua wazee heshima, kwa sababu hadithi hiyo wameisimulia hadi kwa wajukuu. Nawaheshimu sana wazee wangu. Uamuzi huu, hata hivyo, bado nausimamia.

Birika lile ni zuri na natamani kila mtu alione. Lakini tazameni nakshi zake: mizunguko iliyopishana, na safu ya matao juu yake. Hiyo ni kazi ya Wanormani, watu walioingia Uingereza mwaka 1066. Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori kuhubiri Ukristo, alifika Kent mwaka 597. Mfalme hakuweza kubatizwa ndani ya mawe yaliyochongwa zaidi ya miaka 400 baada ya kufa kwake. Mtawa Beda, aliyemaliza historia yake mwaka 731, anasema kwamba katika kanisa hilo Augustino na wenzake walianza kukusanyika, kuimba, kusali, kuhubiri na kubatiza. Hasemi mahali popote kwamba mfalme mwenyewe alibatiziwa humo. Kijitabu kipya kinasema alichosema Beda, na kinaieleza hadithi ya birika kuwa ni mapokeo.

Ushahidi mkubwa uko ukutani. Ingieni hadi karibu na madhabahu, mtaona sehemu ya ukuta iliyojengwa karibu yote kwa matofali ya kuchoma ya Warumi, mapana na membamba. Upande wa kusini, kwa nje, kuna mlango wa zamani ulioziba, juu yake bapa bila tao. Ukumbi wanakokaa waumini ni mawe yaliyochanganywa na matofali yaleyale, na umejengwa baadaye. Upande wa mashariki ukarefushwa karne ya 13, na mnara ukaongezwa karne ya 14. Beda anaandika kwamba kanisa lilijengwa Warumi wakiwa bado wanakaa nchini. Wataalamu wengine wanaona sehemu ile kongwe ni ya wakati wa Malkia Bertha, mke wa Ethelbert, kwa matofali yaliyookotwa kwenye magofu. Nimeweka maoni yote mawili kwenye kijitabu. Wenzetu wa Kilwa hili halitawashangaza: Msikiti Mkuu wao una sehemu kongwe ya kaskazini na nyongeza kubwa ya kusini ya karne ya 14, na husema hivyo bila kuona haya.

Tena kuna huyo Bertha. Kijitabu cha zamani kilimpa mstari mmoja! Alikuwa binti wa Charibert, mfalme wa Wafaranki huko Paris, akaolewa na mfalme asiye Mkristo kwa sharti kwamba aachiwe dini yake, akaja na askofu wake Liudhard. Ibada zilikuwa zikiendelea katika jengo hili kabla Augustino hajakanyaga Kent. Karne ya 19 karibu na kanisa iliokotwa sarafu ya dhahabu iliyogeuzwa kidani, yenye jina la Liudhard. Sasa iko Liverpool. Mwaka 601 Papa Gregori alimwandikia Bertha barua akimfananisha na Helena, mama wa Kaisari Konstantino wa Roma. Mwanamke aliyehamia nchi ya watu akashika ibada yake ndiye wa kumsimulia mjukuu, hasa sisi tunaoishi huku ugenini. Nimempa ukurasa mzima, niliuandika mwenyewe usiku baada ya kazi, na sikudai senti.

Kuhusu madai kwamba kamati haikushirikishwa: niliita kikao mara mbili, na mara zote mbili hatukutimia akidi. Msimu wa wageni ulikuwa unakaribia, na katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuamua jambo la haraka. Nakala za zamani hazikuchomwa kama ilivyodaiwa. Ziko kwa katibu.

Hapa lazima niseme kwa uchungu. Ujumbe wa kikao ukitumwa kwenye kundi, vidole gumba vinajaa. Siku yenyewe ikifika, viti vitupu. Waliopinga kijitabu kwa sauti kubwa zaidi hawakuonekana kikaoni hata mara moja, na baadhi yao wamo kwenye orodha ya wanaodaiwa ada. Kanisa hili, pamoja na Kanisa Kuu na magofu ya abasia ya Mtakatifu Augustino, liliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1988. Wageni wanaotoka kwetu wanastahili kuelezwa habari zake kwa Kiswahili na kwa ukweli. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na watu watano.

Mwaka ujao tunatumaini kufika Bradwell, Essex, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Petro lililoanzishwa na Askofu Cedd karne ya 7 kwa mawe ya ngome ya Warumi, fedha zikipatikana. Tunafikiria pia jambo la watoto, na uwezekano wa kuongeza waongozaji.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi anacho.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti