Ugomvi wa baharini sio mmoja, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mkaanga samaki hapa Kunduchi, huu mwaka wa kumi na tatu, baharini siendi ila kila ninachotia kwenye karai kimetoka kwa watu ninaowajua. Sasa nimechoka kusikia wavuvi wamevamia, wavuvi wamekamatwa, wavuvi wabishi, alafu habari imeishia hapo. Hakuna anaeuliza wanagombana na nani na kisa nini.

Jumatatu iliyopita baba yangu mdogo karudi saa nne asubuhi kanuna. Alikuwa na madema matano, ile mitego ya kusuka ya kuzamisha chini, kayatega upande huu wa kisiwa cha Mbudya, nje ya mpaka wa hifadhi, na huo mpaka yeye hana utani nao maana alishawahi kulala ndani. Chelezo zake, alama za kuelea juu ya maji, ni vile vidumu vya njano vya mafuta ya kula vya lita 5. Kafika kakuta vidumu viwili. Wikiendi boti za kupeleka watu kisiwani zinapita pale mbio mbio, panga la mashine likipitia kamba nahodha wala hana habari, na dema likishapoteza kamba ndo basi, linabaki chini linaendelea kuvua lenyewe, changu anaingia anafia humo humo na mwingine anaingia kumfuata. Madema matatu yameenda hivyo, na kusuka moja tu ni kazi ya siku kadhaa. Ukiniuliza nani mkosaji sikujibu, maana boti ina kibali na mzee ana leseni, ila mimi sijawahi kusikia hao wawili wamekalishwa wakaambiwa huku mpite huku mtege.

Hiyo ni moja, na ya hifadhi ni kesi nyingine kabisa msizichanganye. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini yalitangazwa maeneo tengefu mwaka 1975, mimi sijazaliwa. Hifadhi siipingi, nisiwe mnafiki, samaki lazima awe na pa kukulia, na sie tuliosikia baruti zikilia mchana kweupe tunajua mwamba uliopigwa bomu unakuwaje. Lakini mvuvi akitupa mshipi pale anakamatwa, huku anaona watu wanashushwa na spika na madeli ya bia, wamelipa kiingilio, mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu uhifadhi akuelewe? Na sheria yenyewe ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 inasema wakazi washirikishwe kwenye kupanga na kusimamia, wapate na faida yake. Wanachoshirikishwa ni semina, unasaini unapewa soda.

Alafu kuna wavuvi kwa wavuvi, hii hatupendi kuisema. Watu wa ringineti, zile nyavu kubwa za kuzungushia samaki, wanawasha taa usiku wanazungusha dagaa, wa mshipi anasema umenifukuzia samaki, mara nyavu imebeba mpaka mishipi yake. Wa dago nao wanatoka mbali wanapiga kambi bamvua mbili tatu, yaani misimu ya maji makubwa, wanaondoka, mwenyeji kabaki na mwamba wake mtupu. Wote maskini, wote wana haki ya kula, na hapa huwezi kumsingizia mzungu wala serikali.

Na nchi kavu jamani! Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mtumbwi sio wa kudumu, unakuja na maji unaondoka na maji, lakini ndo unaoambiwa utoke, ukuta uliojengwa ufukweni uko pale pale. Kuna sehemu nilikuwa napita na beseni langu mpaka kwenye maji, leo nazunguka barabarani.

Ninachoomba msiweke yote kapu moja mkaleta doria, doria inamjua mwenye mtumbwi tu. Ya madema na boti inataka njia ya kupita iwekwe maboya, na ya ringineti ni kikao cha BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, tena na wa dago wawepo. Kisiwa Panza kule Pemba wanakijiji wenyewe wanafunga mwamba miezi kadhaa pweza wakue, wanaulinda wenyewe, siku ya kufungua wanaingia wote. Hawapendi njaa wale, ila tarehe ya kufunga wamepanga wao.

Na mwandishi wenu akija asije saa tano na msafara wa mheshimiwa, saa hiyo samaki wameshauzwa na watu wamelala. Aje alfajiri mitumbwi inaingia, aulizie vidumu vya njano, ataoneshwa.

Mkaanga samaki,
Kunduchi, Dar es Salaam