Abiria aelezwe muda kamili wa safari ya ndege

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaotuuzia tiketi za ndege hapa Kisumu wamweleze abiria muda kamili wa safari, badala ya dakika za angani peke yake. Kutoka uwanja wa Kisumu hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka, ilhali barabara inayopitia Nakuru huzidi kilomita 300. Ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa dakika 34 hivi. Lakini hakuna ndege inayodumisha kasi hiyo mwanzo hadi mwisho, kwani lazima ipande, ishuke, ijipange kutua na, anga ya Nairobi ikiwa na msongamano, izunguke ikisubiri zamu.

Hivi majuzi nilimsindikiza mama kwa daktari wa macho huko Nairobi. Wakala alituambia ni dakika 50 tu, nasi tukachukua ndege ya saa mbili asubuhi kwa miadi ya saa nne. Tulitua kwa wakati, na rubani simlaumu hata kidogo. Hata hivyo, kungoja mizigo na foleni ya magari ya kuingia mjini vilitufikisha saa tano kasorobo, mama akiwa ameikumbatia bahasha yake ya vipimo, na daktari ameshaingia chumba cha upasuaji.

Tiketi inapouzwa, mteja ahesabiwe pia saa ya kuripoti uwanjani na safari ya kutoka uwanjani hadi aendako.

Msomaji,
Kisumu