Mkahawa wa kale uachwe uuze chai

Ndugu Mhariri,

Kila mkahawa wa kale wa chai unapotangazwa kuwa urithi, hakosekani mtu wa kupendekeza ufungwe, uwekewe kamba mlangoni na tiketi dirishani. Nia ni njema, lakini mkahawa usiouza chai ni stoo ya samani nzuri tu. Naomba nafasi niipinge fikra hiyo.

Ushahidi wangu uko Glasgow, Uskoti. Mwaka 1903 Kate Cranston, mfanyabiashara aliyekuwa na mikahawa kadhaa mjini humo, alifungua mkahawa wa Willow katika mtaa wa Sauchiehall. Msanifu Charles Rennie Mackintosh alibuni ndani na nje, kuanzia sura ya jengo hadi viti vya migongo mirefu. Mkewe, Margaret Macdonald, akatengeneza picha ya plasta yenye shanga za kioo kwa ajili ya ukumbi wa juu. Zilikuwa enzi za kampeni dhidi ya ulevi, na mikahawa ile iliwapa watu, hasa wanawake, mahali pa heshima pa kukutana pasipo pombe.

Mackintosh alipamba pia mkahawa mwingine wa Cranston, ule wa mtaa wa Ingram. Huo ulitenganishwa vipandevipande mwaka 1971, mbao zake zikakaa stoo kwa miongo kadhaa. Leo chumba chake cha mbao za mwaloni kimeunganishwa upya katika makumbusho ya V&A Dundee, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Kimeokolewa, na mafundi wanastahili pongezi. Ila humo hakuna kijiko kinachogonga kikombe; mgeni anapita, anatazama, anatoka.

Willow nao ulikarabatiwa, ukafunguliwa tena mwaka huohuo wa 2018, na wahudumu wanapita na trei. Kilichonivutia ni jinsi walivyogawa mzigo. Picha halisi ya Margaret iko makumbusho ya Kelvingrove, mbali na mvuke na viwiko vya wateja. Ukumbini wameweka nakala. Viti vya kukalia vimechongwa upya kwa kufuata vya awali. Jengo la jirani likachukuliwa ili maonyesho na mafunzo yapate pa kukaa bila kuzibughudhi kuta za Mackintosh. Wapo wanaonung'unikia nakala. Mimi sioni tabu: kiti cha mkahawa kimetengenezwa kikaliwe, na chenye umri wa miaka mia na ushee hakiwezi kuburutwa sakafuni kutwa nzima.

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo huutaja sana, unasema katika kifungu cha 5 kwamba kulitumia jengo kwa shughuli yenye manufaa kwa jamii hurahisisha kulihifadhi, mradi matumizi hayo yasibadili mpangilio wala mapambo yake. Sharti hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Mpangaji huanza kwa kuomba jiko kubwa, kisha ukuta mmoja uondoke, kisha (Mungu atunusuru) televisheni ukutani.

Sidai kwamba birika linalipa kila kitu. Willow wenyewe ulielemewa kifedha, na Januari 2024 ukachukuliwa na shirika la uhifadhi la National Trust for Scotland. Paa la kale likivuja linataka fundi maalumu, na bei ya kikombe cha chai ina kikomo. Mauzo yalipe mishahara, majani ya chai na usafi. Matengenezo makubwa yawe na mfuko wake, uliotengwa kabla mlango haujafunguliwa. Wanaotegemea faida ya chai iezeke paa huishia kupunguza wahudumu, na baadaye kupangisha ghorofa ya chini kwa yeyote mwenye kodi.

Na wahudumu hao si jambo dogo. Mwaka 2022 UNESCO iliorodhesha utamaduni wa chai wa Azerbaijan na Uturuki kuwa urithi usioshikika, na mwaka huohuo ikaorodhesha ufundi na desturi za chai za China. Yaani namna ya kuandaa na kukaribisha nayo ni urithi, na jiko likizimwa hiyo ndiyo hupotea kwanza.

Basi mikataba ya kupangisha majengo haya imzuie mpangaji kubadili matumizi, na imlazimishe mwenye jengo kuonyesha kila mwaka fedha alizotenga kwa paa na kuta.

Msomaji wako